SAUTI BILA WAYA: IFAHAMU KABLA HUJATOA FEDHA ZAKO

Mavuno yakiisha na mazao yakinunuliwa, wachuuzi wa vyombo vya muziki hufika kwenye minada yetu. Hutandika turubai chini. Hupanga sabufa, redio na spika ndogo za mkononi. Hufungulia muziki mpaka ardhi inatikisika. Kisha huita: "Hii haina waya! Hii ni Bluetooth! Wati elfu tano!"

Mkulima husimama, husikiliza, hutoa fedha. Hubeba boksi lake kwenda nyumbani.

Wiki chache baadaye maswali huanza. Mbona simu ikipelekwa shambani muziki unakatika? Mbona betri ya sola inaisha kabla watu hawajalala? Mbona jirani mwenye kiredio kidogo amesikia habari za mvua, na sisi wenye sabufa kubwa hatukusikia?

Fedha iliyonunua kifaa hicho ni jasho la msimu mzima. Ingeweza kununua mbegu, mbolea au sare za shule. Hatusemi kwamba muziki ni mbaya. Mtu aliyelima mchana kutwa ana haki ya kuburudika jioni. Tunasema kwamba mnunuzi lazima ajue anachonunua. Kuuliza si ujinga.

Katika ukurasa huu tutajifunza maswali 3 ya kuuliza kabla ya kununua chombo cha sauti. Lakini kwanza tuelewe sauti yenyewe.

SAUTI NI KITU GANI?

Weka kiganja chako ubavuni mwa ngoma inayopigwa. Utahisi ikitikisika. Ngozi ya ngoma ikitikisika, husukuma hewa. Hewa hiyo husukuma hewa ya jirani yake. Mtikisiko huo husafiri mpaka ukafika sikioni mwako. Hiyo ndiyo sauti.

Spika nayo ni ngoma, lakini haipigwi kwa mkono. Inapigwa kwa umeme. Ndani yake pana sumaku. Karibu na sumaku pana waya mwembamba uliozungushwa mara nyingi. Waya huo umeshikana na koni, yaani ile karatasi ngumu unayoiona mbele ya spika. Umeme wa sauti ukipita katika waya, sumaku huuvuta na kuusukuma. Koni hutikisika, na hewa hutikisika pamoja nayo.

Kwa hiyo kila spika, kubwa au ndogo, inahitaji vitu 2. Kwanza, inahitaji ujumbe wa sauti, ili ijue iimbe nini. Pili, inahitaji umeme wa kuitikisa koni.

Shika neno hili, ndugu msomaji. Mchuuzi akisema "haina waya", anazungumza juu ya ujumbe tu. Ujumbe wa sauti ndio unaofika bila waya. Umeme bado lazima utoke mahali: kwenye betri, kwenye sola, au kwenye nguzo ya umeme. Hakuna spika inayoimba bila kula.

SWALI LA 1: SAUTI INATOKA WAPI?

Njia ya kwanza ni redio. Hii ndiyo njia ya zamani zaidi ya kupeleka sauti bila waya. Mwaka 1901 Mwitaliano Guglielmo Marconi alisema amepokea alama kutoka Uingereza, ambayo ilivuka bahari ya Atlantiki bila waya. Ilikuwa alama fupi tu, si maneno. Baadaye watu wakajifunza kupeleka maneno na muziki. Hapa kwetu, kituo cha redio kilianza kutangaza kutoka Dar es Salaam mwaka 1951.

Kituo cha redio kina mnara. Mnara hutoa mawimbi yasiyoonekana. Redio yako huyapokea na kuyageuza kuwa sauti. Mawimbi ya FM, yale ya kati ya namba 87.5 na 108, hutoa sauti safi. Lakini hayapindi vizuri nyuma ya milima. Ndiyo maana kijiji kilicho bondeni huweza kukosa kituo ambacho kijiji cha mlimani kinakisikia. Ukikosa kituo, vuta antena, au sogeza redio mahali pa juu. Mawimbi ya masafa ya kati na masafa mafupi huenda mbali zaidi, hasa usiku, ingawa sauti yake si safi kama ya FM.

Usikilizaji wa redio hauna malipo ya bando. Watu 10 wakisikiliza, au watu 1,000, mnara ni ule ule.

Njia ya pili ni Bluetooth. Jina hili ni la kigeni, na lina kisa chake. Kazi ya kutengeneza njia hii ilianza Sweden mwaka 1994, katika kampuni ya Ericsson. Wataalamu walichagua jina la mfalme mmoja wa kale wa Denmark, Harald, aliyeitwa kwa utani Jino la Buluu. Mfalme huyo aliunganisha watu wa nchi yake. Njia hii nayo huunganisha vyombo. Tazama alama yake kwenye simu au spika. Inafanana na herufi B yenye pembe upande wa kushoto. Ni herufi 2 za kale za mfalme huyo zilizounganishwa.

Bluetooth pia ni mawimbi ya redio, lakini mawimbi yenye nguvu ndogo sana. Yametengenezwa yaende karibu. Kwa simu na spika nyingi, ni kiasi cha mita 10. Hizo ni hatua 12 hadi 15 za mtu mzima. Ukuta wa matofali huyapunguza. Watu wengi wakisimama katikati nao huyapunguza, kwa sababu mwili wa binadamu una maji mengi, na maji huyameza mawimbi haya. Basi usishangae muziki ukikatika arusini wakati simu iko mfukoni mwa mtu anayecheza. Kifaa hakijaharibika. Weka simu mezani, karibu na spika.

Sasa tufike kwenye jambo kubwa. Bluetooth haileti wimbo kutoka mjini. Haileti habari kutoka Dodoma. Inahamisha tu sauti kutoka kwenye simu yako hadi kwenye spika yako. Kama simu haina kitu, spika nayo haina kitu.

Njia ya tatu ni kumbukumbu, yaani memori kadi au flashi. Hapa nyimbo zimehifadhiwa kabisa katika kadi. Unaichomeka, inaimba. Haihitaji simu, mnara wala bando. Kwa sauti ya kawaida, dakika 1 ya muziki huchukua kiasi cha MB 1. Kadi ya GB 8 basi inaweza kuweka nyimbo karibu 2,000 za dakika 4 kila moja. Lakini kadi hurudia yale yale. Wimbo wa mwaka jana ni wimbo wa mwaka jana.

Njia ya nne ni intaneti. Simu huvuta wimbo kutoka mbali kwa bando, kisha huupeleka kwenye spika. Katika nyumba nyingine za mjini, spika zenyewe huunganishwa na intaneti kwa njia iitwayo waifai. Waifai hufika mbali kidogo kuliko Bluetooth, na inaweza kulisha spika za vyumba kadhaa kwa pamoja. Njia hii ni nzuri, lakini inakula fedha. Muziki wa saa 1 kwa intaneti unaweza kula MB 58 au zaidi. Hesabu mwenyewe: ukisikiliza saa 3 kila siku, bando lako litafika wapi?

Watu huchanganya jambo hili. Husema, "Bluetooth inakula bando." Si kweli. Wimbo ukiwa umehifadhiwa ndani ya simu, Bluetooth haili bando hata kidogo. Kinachokula bando ni kuvuta wimbo kutoka kwenye intaneti.

Basi swali la kwanza kwa mchuuzi ni hili: "Je, chombo hiki kina redio ndani yake?" Usikubali jibu la mdomo. Mwambie awashe redio, atafute kituo, nawe usikie. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa utabiri wa mvua za vuli na za masika, na utabiri huo hutangazwa redioni. Habari za milipuko ya wadudu na magonjwa ya mifugo nazo hutangazwa redioni. Spika isiyo na redio huimba vizuri, lakini haitakuambia mvua zinachelewa. Nyumba iliyouza redio ili inunue spika ya namna hiyo imejiziba masikio.

Kama tayari unayo spika isiyo na redio, usiitupe. Simu nyingi, hata nyingi za kitochi, zina redio ya FM. Mara nyingi waya wa spika za masikioni ndio antena yake, kwa hiyo lazima uchomekwe.

SWALI LA 2: NGUVU YAKE YA KWELI NI KIASI GANI?

Nguvu ya umeme hupimwa kwa wati. Juu ya boksi utaona "5,000 W PMPO". Namba hiyo ni kubwa, nayo humvutia mnunuzi. Lakini herufi PMPO hazionyeshi nguvu ambayo chombo kinaweza kuitoa kwa muda wote kikifanya kazi. Ni namba ya biashara. Namba yenye maana ni ile yenye herufi RMS. Hiyo ndiyo nguvu inayodumu.

Kama herufi RMS hazipo, fanya hesabu hii ndogo. Chukua chaja au adapta iliyokuja na chombo. Soma maandishi yake madogo. Tafuta volti, yenye herufi V. Tafuta ampea, yenye herufi A. Zizidishe.

Tuseme imeandikwa 12 V na 2 A.

12 mara 2 ni 24.

Adapta hiyo inatoa wati 24, basi. Chombo kinachokula wati 24 hakiwezi kuimba saa nzima kwa wati 5,000. Ng'ombe hatoi maziwa kuliko majani na maji aliyopata. Ukisoma namba hizi mbele ya mchuuzi, naye ataona kwamba amekutana na mtu anayejua kusoma. Hii ni faida moja ya elimu yako.

Usidhani wati 24 ni kidogo. Wati 10 za kweli zinatosha watu waliokaa chini ya mti mmoja.

Jambo lingine ni aina ya sauti. Sabufa imetengenezwa kwa ajili ya sauti nzito, ile ya ngoma kubwa. Koni yake husukuma hewa nyingi, hivyo hula umeme mwingi. Lakini maneno ya mtu yanahitaji zaidi sauti za kati na nyembamba. Sabufa nyingine hupiga ngoma vizuri, lakini msomaji wa habari husikika kama aliye ndani ya pipa. Kwa hiyo unapojaribu chombo, usijaribu kwa muziki peke yake. Fungulia pia mtu anayezungumza. Simama hatua 10 mbali. Kama unaelewa kila neno, chombo hicho ni kizuri.

SWALI LA 3: KITAKULA UMEME KIASI GANI?

Wengi wetu tunatumia umeme wa jua. Geuza chombo utazame nyuma. Kama pana tundu lililoandikwa DC 12V, chombo hicho kinaweza kuungwa kwenye betri ya sola ya volti 12 moja kwa moja. Kama pana waya wa umeme wa nguzo tu, utahitaji inveta. Inveta ni gharama nyingine, nayo hula umeme wake.

Tufanye hesabu. Betri moja ndogo ya sola imeandikwa 12 V na 7 Ah.

12 mara 7 ni 84.

Betri hiyo ina akiba ya wati 84 kwa saa 1. Lakini betri ya risasi, yaani ile nzito ya kawaida, isimalizwe. Ukiikausha kila siku itakufa mapema. Tumia nusu, yaani 42.

Spika ya wati 10 itaimba kiasi cha saa 4. Sabufa inayokula wati 40 itaimba kiasi cha saa 1 tu. Kisha taa za watoto wa shule zitazimika pia, maana betri ni hiyo hiyo. Hapo ndipo ugomvi wa nyumbani unapoanza. Fanya hesabu kabla ya kununua, pamoja na mwenzako wa nyumbani.

Kumbuka pia mambo haya:

Waya mwekundu uende kwenye alama ya kujumlisha, na mweusi kwenye alama ya kutoa. Ukibadilisha, chombo kinaweza kuungua mara moja.

Spika ndogo za mkononi hutumia betri ya lithiamu, kama ya simu. Betri hiyo ikivimba, acha kuitumia. Usiitoboe. Usiitupe motoni, inaweza kulipuka.

Betri zilizokufa zisitupwe shambani wala kisimani. Zina sumu. Ziweke mbali na watoto, uzipeleke kwa wanaozikusanya mjini.

Dai risiti na waranti. Chombo kikiharibika, risiti ndiyo shahidi wako.

JE, MAWIMBI HAYA YANA MADHARA?

Wazee wengi huuliza swali hili, nao wana haki ya kujibiwa. Mawimbi ya Bluetooth ya spika za nyumbani yana nguvu ndogo sana. Kwa kawaida hayafiki hata sehemu 3 kati ya 1,000 za wati moja. Simu yako inapozungumza na mnara hutumia nguvu kubwa kuliko hiyo.

Madhara yaliyo wazi yako kwingine. Yako kwenye sauti kubwa. Ndani ya sikio pana chembe hai ndogo zinazopokea mtikisiko. Sauti kubwa kwa muda mrefu huziua. Zikifa hazioti tena. Mtu huanza kusikia mlio masikioni, kisha huanza kupoteza usikivu.

Pima hivi. Simama na mwenzako, urefu wa mkono mmoja kati yenu. Kama lazima upige kelele ili akusikie, muziki umezidi. Punguza, au sogea mbali. Usimlaze mtoto mchanga karibu na spika. Na jirani anayeamka alfajiri kwenda shamba, naye anahitaji usingizi.

CHOMBO KIMOJA, WATU WENGI

Wazee wetu wanakumbuka mwaka 1973. Mwaka huo kulikuwa na kampeni ya Mtu ni Afya. Watu walikaa kwa vikundi kuizunguka redio. Walisikiliza kipindi, walisoma kitabu kidogo, walijadiliana, kisha walikwenda kufanya. Walichimba vyoo. Walifyeka majani kuzunguka nyumba. Watu wapatao milioni 2 walishiriki. Mwaka 1975 ikafuata kampeni ya Chakula ni Uhai. Redio zile hazikuwa na sauti ya kutikisa ardhi. Zilikuwa ndogo. Nguvu ilikuwa katika watu waliokaa pamoja na kukubaliana jambo la kufanya.

Leo kazi hiyo ni rahisi zaidi. Tuseme kikundi chenu kina spika moja yenye redio na Bluetooth. Kipindi cha kilimo kikitangazwa, sikilizeni pamoja. Afisa ugani akija kueleza namna ya kupambana na viwavijeshi vamizi, mmoja wenu arekodi maelezo kwa simu, baada ya kumwomba ruhusa. Jioni, waliokuwa mbali wakusanyike. Wekeni simu karibu na spika, muunge kwa Bluetooth, kila mtu asikie tena. Mzee asiyeweza kusoma atasikia. Mama aliyekuwa zahanati siku ile atasikia. Afisa ugani mmoja ana vijiji vingi, hawezi kurudi kila wiki. Sauti yake inaweza kubaki.

Kuunga ni rahisi. Washa spika, ubonyeze kitufe cha MODE mpaka ifike kwenye Bluetooth. Fungua Bluetooth kwenye simu. Tafuta jina la spika, uliguse. Ikiuliza namba, jaribu 0000. Simu moja ikiwa imeungwa, nyingine lazima ingoje. Tena, mwenye simu azime miito, la sivyo mlio wa simu yake utasikika na kijiji kizima.

Ndugu msomaji, chombo cha sauti ni kama jembe. Jembe zuri ni lile linalofaa udongo wako na mkono wako, si lile linalong'aa zaidi dukani. Ukienda mnadani, nenda na maswali yako 3 yakiwa yameandikwa kwenye karatasi. Sauti inatoka wapi? Nguvu yake ya kweli ni kiasi gani? Kitakula umeme kiasi gani? Mchuuzi mwaminifu atakujibu. Asiyetaka kujibu, mwachie mali yake.

MASWALI YA KUJADILI

1. Hapa kijijini petu, habari za mvua hutufikia kwa njia gani? Nani hazimfikii?

2. Chukueni adapta moja ya chombo cha muziki. Someni volti na ampea. Ni wati ngapi?

3. Kama kikundi chetu kingekuwa na spika moja, ni maelezo gani tungependa yarekodiwe ili wote wayasikie?